Mbeyu Binti Nani

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikitulia hunijia kama ilikuwa jana. Tulikuwa na khitma nyumbani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa, nami nilikuwa msichana aliyekwisha kupevuka ila sijaolewa bado. Wanaume walikuwa sebuleni wanasoma, sisi wanawake tuko uani na sinia za mikate, na kama ilivyo ada, kabla ya dua yakasomwa majina ya marehemu wetu. Fulani bin fulani, fulani binti fulani, kila mmoja na babake. Likafika jina moja likasomwa peke yake: Bi Mbeyu. Binti nani, hakuna. Msomaji akapita akaenda jina linalofuata, kama mtu anayeruka kidimbwi cha maji njiani.

Karibu yangu alikuwa amekaa nyanyangu, mamake babangu, Nyanya Mwanaisha. Nikamwona ameinamisha kichwa. Watu walipokwisha kutawanyika akanishika mkono, akanambia polepole, "Yule ni mamake mamangu. Alinibeba mgongoni. Nami sijui nimuombee kwa jina la nani. Mbeyu binti nani?"

Nakwambia haya kwa sababu juzi, tulipokuwa ufukweni Mama Ngina tukila mihogo, ulinionyesha kwenye simu yako ule mti wa ukoo unaoutengeneza. Ukaniuliza kama ni kweli sisi tulitoka Arabuni, maana mwenzako chuoni amepata asili kubwa, na wewe hutaki kushindwa. Nikakwambia maliza muhogo wako kwanza. Sasa umemaliza. Kaa nikusimulie, kwa maana swali lako niliwahi kulibeba mimi nikiwa na umri kama wako, na lilinipeleka mahali nisipopatarajia.

Siku zile mkubwa wa nyumba alikuwa Ami Salimu, mwanawe Nyanya na mdogo wake marehemu babangu. Alikuwa karani wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, mtu nadhifu, kanzu yake haina kunyanzi. Babangu alipofariki yeye ndiye aliyenilea na kunisomesha, nami sikumpunguzia heshima mpaka alipoingia kaburini. Ukimuuliza habari za Bi Mbeyu, jawabu lake lilikuwa tayari. Alikuwa mtu wa Pate, binti wa watu wakubwa wenye asili ya Arabuni, na hilo Mbeyu, yaani mbegu, lilikuwa jina la utani kwa sababu alipenda kulima. Kisha humalizia kwa methali: "Mwacha asili ni mtumwa." Lakini ukimuuliza babake Bi Mbeyu aliitwa nani, Ami hukumbuka kwamba ana shughuli bandarini.

Kwa hiyo Nyanya akanituma mimi. "Wewe una miguu na una ulimi," akasema. "Nitafutie."

Tulianzia pale tulipokuwa na hakika napo, Kisauni, ng'ambo ya maji, ambako Bi Mbeyu alilima maisha yake yote. Nyanya alinipeleka mwenyewe, mkono mmoja kwenye mkongojo na mwingine begani kwangu. Leo ukienda utaona majumba na maduka, lakini wakati ule bonde lilikuwa bado bonde, na baadhi ya wazee wa pale walipaita kwa Bi Mbeyu. Nyanya alisimama ukingoni akanionyesha kwa mkongojo: hapa palikuwa mpunga, pale juu mtama, kule mihogo na kunde.

Hadithi aliyokuwa nayo ilikuwa fupi. Bi Mbeyu alilelewa katika nyumba ya tajiri mmoja wa Mji wa Kale aliyekuwa na shamba Kisauni. "Alilelewa", ndilo neno walilolitumia watu wa zamani, na neno hilo, mwanangu, liliweza kufunika mengi. Tajiri yule alipokaribia kufa alimpa Bi Mbeyu kipande cha bonde ambacho hakuna aliyekitaka kwa kuwa kilijaa maji na mbu. Yeye akakichimbia mifereji, akapanda mpunga, na baada ya misimu kadhaa waliokuwa wakimcheka wakawa wanakuja kumuomba mbegu. Akaolewa na fundi seremala, akazaa binti mmoja, na binti huyo ndiye mamake Nyanya. Nyumba ya kisiwani alijengewa, lakini hakutaka kuhamia. Alisema usingizi wake uko shambani.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" nikamuuliza Nyanya.

Nyanya akacheka kidogo. "Mashoto," akasema. "Alilima kwa mkono wa kushoto, akapanda kwa mkono wa kushoto. Wenziwe hawakuweza kupanda naye mstari mmoja. Wao wakienda huku, yeye yuwaja kule, wakagongana vichwa. Na jina la Kiislamu alikuwa nalo, aliitwa Mwanaidi, lakini ukimwita hivyo hakugeuka. Mpaka umwite Mbeyu."

Kisha akakumbuka jambo jingine. Miaka ya ukame watu walikuwa wakienda kwa Bi Mbeyu kukopa nafaka. Wengine walikuwa na pete, wengine jembe, na siku moja mtu mmoja alikwenda na mwanawe wa kiume, akataka kumwacha pale mpaka atakapolipa. Bi Mbeyu alimpimia nafaka yake yule mtu, akamtwika mwenyewe, akamwambia amshike mwanawe mkono waende nyumbani pamoja. Hakupokea rehani ya mtu yeyote, wala ya kitu chochote. Sisi tulilihesabu jambo hilo kuwa ni ukarimu, tukajivunia. Lisilosemwa hatukuliuliza.

Basi nikarudi kazini kwangu na hayo niliyoyapata, sijui niende wapi tena.

Kazi yangu ilikuwa duka la nguo, Biashara Street. Wateja wetu wengi walikuwa watu wa mjini wanaotafuta kanga za harusi, lakini tulikuwa na wateja wengine niliowapenda zaidi, kina mama waliokuwa wakishuka kutoka Kaloleni na Rabai kununua kitambaa cheupe cha hando, ile sketi ya marinda mengi wanayoivaa. Wao hawakununua kwa pupa. Walikishika kitambaa, wakakivuta, wakakinusa, wakaulizana habari za nyumbani, na duka zima likawa kama ukumbi wao.

Siku moja akaingia mama mmoja niliyekuwa nikimfahamu kwa sura, Mama Kadzo, na binti yake mdogo aliyekuwa akichezea vishada vya leso. Mama akageuka, akaita, "Mbeyu, wacha hivyo."

Nikasimama na mita mkononi. Nikamuuliza, "Mama, huyu mwamwita Mbeyu kwa utani?"

"Utani gani, mwanangu? Ndilo jina lake. Kwetu Mbeyu ni jina la mtu, wako wengi."

Nikamweleza kwamba nyumbani kwetu alikuwako mhenga mwenye jina hilo, mkulima, na sisi siku zote tulidhani ni jina la kubandikwa. Yeye akaitikia kwa kichwa, akiendelea kupima kitambaa kwa mkono wake. Nikaongeza, kwa kupitisha maneno tu, kwamba mhenga huyo alikuwa na ada yake: hakupokea mtu rehani hata njaa iwe kubwa vipi.

Mama Kadzo akakiweka kitambaa chini. Akamtazama mwanawe.

"Huyu mtoto wangu jina hakuchaguliwa na mimi," akasema. "Ni jina la nyumba ya mume wangu. Kila kizazi lazima awepo mmoja. Wana mtu wao waliyempoteza huku Mombasa zamani za njaa, alikuwa msichana. Mimi si mtu wa kulisema hilo. Mwenye kulisema ni baba mkwe wangu, Mzee Mumba. Njoo kwetu Kaloleni."

Mwanangu, Ijumaa ile ile nikapanda basi la Kaloleni peke yangu. Nilimuaga Nyanya kwamba nakwenda kumtembelea mteja, kwa maana sikutaka kumpa tumaini ambalo huenda likavunjika.

Mzee Mumba nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya ghala la mahindi, mtu mrefu, mwembamba, macho yake yameanza kuingia ukungu. Nikakaribishwa, nikapewa kiti, nikaletewa maji kwenye kata. Nami kabla sijayanywa nikaanza. Mzee, huyo msichana alikuwa binti nani? Ilikuwa zama gani? Aliachwa kwa nani? Alikuwa na ndugu wangapi?

Mzee akanisikiliza mpaka nikakatikiwa na pumzi. Kisha akamgeukia mkewe, akamuuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Mama Kalama, huyu msichana wa mjini amefika? Au ni maswali yake ndiyo yamefika, yeye mwenyewe bado yuko njiani?"

Wanawake wakacheka. Mimi nilitamani ardhi inifunike. Lakini yeye hakucheka. Akanyoosha kidole kuelekea ile kata.

"Kunywa maji, mwanangu. Mtu aliyekufa amengoja miaka yote hii, hatakimbia kwa sababu wewe umekunywa maji. Sisi tulio hai ndio hujatuuliza tumelalaje."

Nikanywa. Nikaona haya, nikaanza upya kama nilivyofunzwa nyumbani: shikamoo, habari za hapa, habari za watoto, mbuzi, mvua, magoti ya mama. Naye akaniuliza za kwetu moja moja, za Nyanya na afya yake, za kazi yangu, kama babangu yuko hai, na nilipomwambia amefariki akanipa pole. Mchana kutwa nilikaa na wanawake tukipukusua mahindi. Hakuna aliyemtaja Mbeyu. Lakini jua lilipoanza kupungua ukali, vidole vyangu vimeota malengelenge nami nimekwisha kujua nani ni mke wa nani, Mzee Mumba akaniita nikae karibu naye. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba wakati wote ule nilikuwa nikipimwa kama ninafaa kukabidhiwa maneno yale. Asiyejua kukaa na watu hapewi siri ya watu.

Alinisimulia hivi.

Mhenga wao aliitwa Kalama, jina alilorithishwa mwanawe Mzee Mumba, na Mzee mwenyewe ni kitukuu chake. Mvua ilikosa, mwaka wa pili ikakosa tena, ghala likabaki vumbi. Kalama alikuwa na watoto wadogo waliokwisha kuvimba matumbo, na mkubwa wao alikuwa msichana, Mbeyu. Wakati huo watu wa milimani walikuwa wakishuka Mombasa kutafuta nafaka, na asiyekuwa na cha kutoa alimweka mtu rehani. Mtoto anabaki kwa mwenye nafaka akimfanyia kazi, na baada ya mavuno mzazi anarudi kumkomboa. Na rehani isiyokombolewa, mwanangu, iligeuka utumwa. Tuliseme neno lenyewe, tusilifunike kwa kawa. Kalama akashuka na Mbeyu, akapanda kurudi na mtama. Wale wadogo wakala, wakapona.

Mvua iliponyesha, Kalama akavuna. Kabla nyumba yake haijaonja, akajitwika mtama wa kumkomboa mwanawe, akashuka nao mpaka Mombasa. Akaikuta ile nyumba alikomwacha ina watu wengine. Akauliza, na kila aliyemuuliza alikuwa na lake. Mmoja akamwambia wamehamia Lamu, mwingine Unguja, mwingine akasema mtoto amekufa kwa ndui. Hakutokea hata mmoja wa kumwambia hili tulijualo sasa, kwamba yuko ng'ambo ya maji tu, Kisauni, shambani kwa yule tajiri, analima. Akarudi na mzigo wake. Mtama ule hakuula, wala hakuruhusu mtu aule. Aliupanda. Mwaka wa pili akashuka tena, na wa tatu, na akaendelea hivyo mpaka miguu yake ilipokataa.

"Lakini watu hawakuziona safari zake," Mzee Mumba akasema. "Waliona alishuka na mtoto akapanda na mtama. Wakatuita nyumba iliyokula mwana. Babangu alipokwenda kuposa, aliambiwa hivyo. Mimi nikigombana na mtu kondeni kwa ajili ya mpaka, naambiwa hivyo. Wafu wetu sisi huwasimamishia koma, kijiti cha kuchonga, tukawakumbuka hapo. Mbeyu hatukumwekea, kwa sababu hatukujua kama amekufa. Tukabaki na jina lake tu."

Safari hii nikauliza swali moja, tena taratibu. "Mzee, alikuwa na alama yoyote?"

"Mashoto," akajibu bila kufikiri. "Wazee walisema akipanda na wenziwe, mstari wake ulikuja kinyume."

Nikamweleza habari za bonde la Kisauni, na wanawake wakaacha kazi, wakaja wakatuzunguka. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, mikono yake imeshika magoti. Kisha akasema, "Nina swali langu moja. Lakini si la kukuuliza wewe. Nitamuuliza aliyemwona kwa macho yake."

Nikarudi mjini na furaha nusu na hofu nusu. Ami Salimu ndiye aliyenifungulia mlango, akaniona uso wangu, akanikalisha. Nikamweleza yote, maana sikuweza kumficha mtu aliyenilea. Hakupandisha sauti. Alikaa akikunja na kukunjua kitambaa chake cha mkononi.

"Unajua binti yangu anaposwa na watu gani," akasema. "Nyumba ile inahesabu asili mpaka vidole vinakwisha. Mwambie mama hukupata kitu. Akiondoka duniani na raha yake, si dhambi hiyo."

"Na dua yake, Ami?"

"Mungu anamjua Mbeyu ni binti nani," akanijibu. Na hilo ni kweli.

Usidhani Ami alikuwa mtu mbaya, mwanangu. Alikuwa na mwana wa kike na alimwogopea. Alikuwa pia amebeba maneno ya Pate tangu utotoni, ameyapokea kwa babake kama mtu anavyopokea nyumba. Kuibomoa nyumba ya mtu huku yumo ndani si jambo jepesi. Ndiyo maana nililala nikiwaza nimtii nani. Asubuhi nikampelekea Nyanya uji wake, nikiwa bado sijaamua. Akanitazama mara moja tu.

"Umepata," akasema.

Ulimi wangu ukakataa kumdanganya. Nikamwambia tangu mwanzo mpaka mwisho, njaa, rehani, mtama, na ile nyumba iliyokutwa ina watu wengine. Uji ukapoa. Nilitarajia aniulize kama basi sisi si watu wa Pate. Wala hakugusa huko.

"Kwa hiyo alirudi," akasema.

"Alirudi, Nyanya. Kila mwaka, mpaka miguu ikakataa."

Akashika upindo wa kanga yake akafuta macho, na machozi yakaendelea kuja. Akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alipokuwa mdogo walikuwa wakikaa pamoja na Bi Mbeyu kwenye dungu, kile kichanja cha shambani, wakiamia ndege wasile mpunga. Siku moja akamuuliza, "Nyanya, babako yuwapi?" Bi Mbeyu akamjibu, "Sina. Aliniacha mlangoni mwa watu akenda zake." Kisha akaokota bonge la udongo akawarushia ndege, na maneno yakaishia pale.

"Alikufa hajui," Nyanya akasema. "Amezeeka na donda lile, nami nikimwona anacheka na watu, nikadhani amesahau." Halafu akasema, "Nipeleke."

Ami Salimu alijaribu kumzuia. Akataja umbali, akataja vumbi, akataja magoti yake. Nyanya akamwachia azimalize zote, kisha akamwambia, "Salimu, mimi ndiye niliyekuzaa. Kama waniona haya, sema. Kama huoni haya, tafuta gari." Gari likapatikana. Yeye mwenyewe hakuja, lakini alimpandisha mamake kwa mikono yake, akamwekea mto mgongoni, na akampa dereva maneno mengi ya kumwambia aende polepole.

Walitusubiri njiani. Sijui walikuwa wangapi, kila mti ulikuwa na watu chini yake. Wanawake walimshusha Nyanya kama yai. Mzee Mumba akatoka kwenye kigoda chake akasimama, na wale wazee wawili wakasalimiana kwa kirefu, kila mmoja amemshika mwenziwe mkono, za nyumba, za watoto, za mvua, za viungo vinavyouma. Mimi nilikuwa nimekwisha kujifunza, nikatulia.

Walipokwisha kukaa, mzee akasema, "Dada, nimeambiwa wewe ulimwona."

"Alinibeba mgongoni," Nyanya akajibu.

"Nina swali moja. Babu zangu walikufa nalo." Akasogeza kigoda chake karibu. "Alishiba?"

Nyanya hakuharakisha. Akamweleza lile bonde lililojaa maji, mifereji aliyoichimba, mpunga uliokuwa ukimfika yeye mtoto kichwani. Akamweleza ghala la Bi Mbeyu ambalo hakuwahi kuliona tupu, na miaka ya ukame, na yule mtu aliyekwenda na mwanawe akarudishwa naye. Mwisho akasema, "Alishiba, kakangu. Na alishibisha."

Mzee Mumba akafunika uso wake kwa mikono yake miwili. Nyuma yangu wanawake wakaanza kulia, na kilio kile, mwanangu, hakikuwa cha msiba. Kilikuwa kama cha watu waliotua mzigo wakashtuka kwamba shingo inageuka. Kijana mmoja wa nyumba ile alitoka mbio kwenda kwa majirani kuwaambia kwamba mwana wa Kalama hakuliwa na mtu, amekuwa na shamba, amekuwa na wajukuu, na wajukuu wenyewe hawa hapa.

Jioni ile Mzee Mumba alimchongea Mbeyu koma yake akaisimamisha karibu na ya Kalama. Aliifanya kwa ada yao, na Nyanya alikaa pembeni akisoma Fatiha kwa ada yetu. Hakuna aliyemuuliza mwenziwe kwa nini. Na khitma iliyofuata nyumbani kwetu, msomaji alisoma bila kuruka: Mwanaidi, ndiye Mbeyu, binti Kalama. Nyanya aliishi misimu michache baada ya hapo, na alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomjua maisha yangu yote.

Ile posa ya binti wa Ami? Habari zilifika, kama zifikavyo siku zote mjini humu. Upande wa bwana harusi wakanong'onezana, kisha mamake akasema kwamba hata wao, ukichimba sana, hutajua utakutana na nani. Ndoa ikafungwa.

Ami mwenyewe hakupanda Kaloleni hata mara moja. Lakini ilipofika zamu yangu ya kuolewa, Mzee Mumba alishuka na watu wake, wamebeba mahindi mabichi na kuku, wamevaa vizuri, na hando za kina mama zikajaza ngazi yetu. Nikachungulia dirishani. Nikamwona Ami Salimu ametoka sebuleni na birika na bakuli. Angeweza kumtuma mtu. Akainama mwenyewe mbele ya Mzee Mumba, akamnawisha mikono, kisha akaenda kwa anayefuata, na anayefuata, mpaka wote wakanawa, na maji yakalowesha ile kanzu yake isiyokuwa na kunyanzi.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana nimefika ninapokwenda.

Tafuta wazee wako. Hiyo simu ni chombo kizuri, itumie, sikukatazi. Lakini usitafute mtu mkubwa wa kujivunia mbele ya wenzako, kwa sababu ukitafuta ukubwa utawapita watu wako njiani bila ya kuwaamkia. Sisi tulijitafutia binti wa watu wakubwa, na huku tulikuwa na mwanamke aliyegeuza kinamasi kuwa chakula cha mtaa. Yupi mkubwa? Usimvalishe marehemu nguo ambazo hakuzivaa. Na ukikuta jambo linaloumiza, njaa, utumwa, mzazi aliyelemewa, usilifiche na usilitangaze kama kituko. Lipeleke kwa wenyewe, kwa adabu. Pengine upande wa pili wako watu wanaoumwa na donda hilo hilo, na dawa yao iko kwako, kama yako ilivyo kwao.

Na ufikapo kwa watu, kunywa maji kwanza. Waulize wameamkaje. Wafu hawana haraka, walio hai ndio wanaokwenda. Mwenye kisa chake atakupa mwenyewe akiona mikono yako inajua kupokea.

Wala usimhukumu upesi aliyeficha. Ami yangu alificha kwa mapenzi, na mapenzi yaliyochanganyika na woga hukosea njia. Mpe nafasi ya kuinama kwa hiari yake.

Nenda, mwanangu. Mola akufungulie milango ya wakweli, akupe sikio pana kuliko mdomo, na kila nyumba utakayobisha ikutambue kuwa u wao. Akujaalie ushibe, na wanaokutegemea washibe kwa mkono wako, uwe wa kulia au wa kushoto. Amina.